Kuthamini Mchoro wa Kale wa Ndege wa Enzi ya Baroki: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Umepata mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta: tausi, kuku na vifaranga, bata kando ya bwawa, nyuma yao nguzo za jumba na anga lililofifia kwa uzee. Huenda umeurithi, au umeununua Ulaya nyumba ya mzee inapouzwa vyombo. Swali la kwanza linalomjia kila mtu ni nani aliyeuchora. Liweke pembeni kwa sasa. Michoro ya ndege ya enzi ya Baroki, yaani karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, imenakiliwa kwa zaidi ya miaka 300, na majina makubwa yamebandikwa juu ya kazi zisizo zao kwa wingi wa kutisha. Anayeanza na jina hutafuta ushahidi wa kulitetea. Anayeanza na kitambaa, ubao na rangi hupelekwa na mchoro wenyewe hadi kwenye jina, au hadi mahali ambapo jina halipatikani, na hapo pia pana bei yake.

Hatua ya 1: Usiusafishe

Nalitanguliza hili kwa sababu hasara yake hairudishwi. Wapo wanaosugua mchoro kwa mkate, kiazi kilichokatwa, kitunguu, au pamba yenye maji ya sabuni. Chini ya rangi pana gundi ya ngozi ya mnyama iliyopakwa kwenye kitambaa tangu mwanzo. Maji yakipenya kwenye nyufa, gundi hiyo huvimba, kitambaa hujikunja, rangi hubanduka. Vumbi lililolala juu halipunguzi thamani hata senti moja. Manyoya yaliyofutika huipunguza vibaya sana.

Ukiona rangi imeinuka kama magamba, laza mchoro chali, uso ukiangalia juu, mahali pakavu pasipo na jua, na usiusafirishe mpaka fundi wa kuhifadhi michoro auone. Nawa mikono ukimaliza na waweke watoto mbali: nyeupe ya enzi hiyo ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kisha piga picha. Mchoro mzima mbele, mzima nyuma, pembe zote nne, kichwa cha kila ndege, sahihi kama ipo, kila karatasi na kila namba iliyoandikwa nyuma. Tumia mwanga wa mchana usio na jua kali, bila mmweko wa kamera. Pima urefu na upana bila fremu, kwa sentimita.

Hatua ya 2: Ugeuze

Nyuma ya mchoro hakuna aliyejisumbua kupapamba, kwa hiyo ndiko kwenye habari nyingi za kweli.

Tazama kitambaa. Turubai ya Uholanzi, Flandria (sehemu ya Ubelgiji ya leo) au Uingereza ya karne ya 17 ni kitani kilichofumwa kwa mkono: nyuzi nene na nyembamba zimechanganyika, vifundo vinaonekana, hakuna mistari miwili iliyolingana. Kitambaa kilicholingana kila mahali ni cha mashine, yaani karne ya 19 au baadaye. Pamba ni dalili ya uchanga zaidi. Chunguza pia muhuri wa muuza vifaa. Ukikuta chapa ya Winsor & Newton, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1832, mjadala wa karne ya 17 umekwisha, isipokuwa kama chapa iko kwenye kitambaa cha pili kilichobandikwa nyuma ya kile cha kwanza.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Michoro mingi ya umri huu imebandikwa kitambaa cha pili ili kuitia nguvu, kwa gundi ya unga au, kuanzia karne ya 19, kwa nta na utomvu. Ukiona nyuma pamenyooka mno, au kitambaa ni kizito na cheusi kwa nta, unachokitazama si kitambaa cha asili. Chungulia ukingoni, pale vitambaa viwili vinapokutana. Kile cha ndani ndicho cha kuchunguza.

Fremu ya mbao inayovuta turubai nayo inasema. Mpaka katikati ya karne ya 18, pembe zake zilifungwa moja kwa moja, hazikutanuka. Baadaye zikaja fremu zenye kabari ndogo za mbao pembeni, za kukazia kitambaa kikilegea. Lakini fremu hubadilishwa, kwa hiyo kabari peke yake hazimhukumu mtu. Misumari ya kufuliwa kwa mkono ina vichwa visivyolingana. Pini za stepla ni za karne ya 20. Angalia pia ukingo wa turubai yenyewe: kitambaa kilipovutwa kwa kamba kabla ya kupakwa rangi, nyuzi zilijipinda kwa mawimbi kuelekea pembeni. Mawimbi hayo yakiwepo pande tatu na kukosekana ya nne, upande huo umekatwa. Picha iliyokatwa imepoteza sehemu ya utunzi wake, na bei yake hushuka.

Kama mchoro uko kwenye ubao, uwezekano mkubwa ni mwaloni. Wachoraji wa Uholanzi na wa Antwerp, mji wa Flandria, walitumia sana mwaloni ulioletwa kwa meli kutoka nchi za bahari ya Baltiki, na wataalamu wanaweza kuhesabu pete za mti na kusema ni mwaka gani ambao mti huo haukuwa umekatwa bado. Nyuma ya mbao za Antwerp wakati mwingine kuna alama iliyochomwa kwa chuma: ngome na mikono miwili, nembo ya mji. Ni alama ya chama cha mafundi, ikithibitisha ubora wa ubao. Haisemi chochote kuhusu mchoraji. Vipande vidogo vya ndege na wadudu pia vilichorwa kwenye shaba, kama alivyopenda Jan van Kessel wa Antwerp (1626–1679).

Madoa ya kahawia nyuma yasikutie moyo haraka. Chai na kahawa hufanya kazi hiyo kwa siku moja.

Hatua ya 3: Tochi mbili

Tochi ya kwanza ni ya kawaida. Zima taa za chumba, iweke pembeni kabisa mwa mchoro ili mwanga upite juu ya uso wake. Utaona mikunjo, viraka, na nyufa zinavyotembea. Nyufa za kweli za uzee hupita kwenye rangi na kwenye msingi wake, na huwa tofauti kwenye rangi nene na nyembamba. Nyufa zinazofanana kote, au zilizochorwa kwa mstari wa wino, ni za kutengenezwa. Utaona pia kama rangi nene imelazwa bapa. Pasi ya moto iliyotumika kubandika kitambaa cha pili mara nyingi huponda ncha za rangi, na kwenye michoro ya ndege ncha hizo ndizo manyoya.

Tochi ya pili ni ya mionzi ya urujuanimno, yenye mawimbi ya nanomita 365. Si ghali, na usiimulike machoni. Gizani, vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani chenye umanjano kama ukungu, na marekebisho yaliyofanywa juu yake huonekana kama madoa meusi. Chora ramani ya madoa hayo kwenye nakala ya picha uliyopiga. Madoa machache angani au kwenye majani ni jambo la kawaida kwa kitu cha miaka 300. Yakifunika kichwa cha tausi au kifua cha jogoo, hapo ndipo penye hasara. Jihadhari pia na mchoro unaong'aa kijani sawasawa kila mahali, kwani baadhi ya wauzaji hupaka vanishi inayoficha marekebisho.

Hatua ya 4: Wasome ndege

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida asiyoijua. Korongo taji, kanga, mwari, heroe na bata bukini wa Misri ni ndege waliojaa kwenye michoro hii, na wewe huenda umewaona wakitembea. Mchoraji hodari wa karne ya 17 alichora ndege aliyemwona hai kwenye bustani ya mfalme au tajiri, au aliyekaushwa. Mnakili wa karne ya 19 alichora picha ya ndege. Tofauti hujitokeza miguuni na shingoni: kanga asiyekanyaga ardhi, mwari ambaye mfuko wa mdomo wake haushikani na shingo, bata anayeelea bila uzito majini.

Kisha uliza: je, ndege huyu aliweza kuonekana Ulaya wakati huo? Bata mzinga yuko sawa, alishatoka Amerika karne ya 16. Kakatua na kasuku wa Asia na Amerika wako sawa pia, meli za biashara ziliwaleta. Lakini yule kasuku mdogo wa Australia, wa kijani na manjano mwenye mistari kichwani, anayefugwa siku hizi kwenye vizimba vya nyumbani, aliletwa hai Uingereza na John Gould mwaka 1840. Bata maji mweusi wa Australia hakujulikana sana Ulaya mpaka msafara wa Willem de Vlamingh wa 1697. Kuku wakubwa wa China wenye manyoya mpaka miguuni waliingia Ulaya miaka ya 1840. Ndege mmoja wa namna hiyo, kama ni sehemu ya rangi ya asili, hutosha kuiondoa picha kwenye karne ya 17 bila maabara yoyote.

Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia na usogee karibu. Chagua tetea mmoja. Kwenye mkono wa mchoraji hodari, manyoya laini ya kifuani yamechorwa rangi ingali mbichi, nyeupe ikiingia kwenye kijivu bila mpaka, kisha juu yake imewekwa miguso michache mizito ya nyeupe ambapo nuru inapiga. Unyoya mmoja una mhimili, una kivuli chake, na unalala juu ya mwenzake. Upanga wa jogoo, yaani kile kishungi cha kichwani, una nyekundu nzito chini na utando mwembamba wa nyekundu ya kung'aa juu, ndiyo maana unaonekana kama nyama yenye damu. Mnakili huhesabu manyoya yote, moja moja, sawasawa, kama vigae vya paa. Kazi ya karakana, yaani ya wasaidizi wa mchoraji, huwa na ndege mmoja hodari mbele na wengine waliozubaa nyuma.

Usishtuke ukimkuta ndege yuleyule, kwa mkao uleule, kwenye picha nyingine. Wachoraji hawa walirudia ndege wao waziwazi, na Melchior d'Hondecoeter, mchoraji wa ndege wa Uholanzi, alirudia mno. Kurudiwa hakumaanishi bandia. Kinachosaidia ni kukuta mabadiliko ya mawazo: mguu uliosogezwa, mkia uliokuwa mrefu zaidi chini ya rangi ya juu. Mnakili hana sababu ya kubadili mawazo, kwa kuwa jibu liko mbele yake.

Hatua ya 5: Rangi na tarehe zake

Maabara inafaa pale hatua za mwanzo zilipokupa matumaini. Kipimo cha eksirei cha mkononi husoma madini bila kugusa rangi, na kila rangi ya kutengenezwa ina mwaka wake wa kuzaliwa. Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye anga la Hondecoeter aliyefariki 1695, ila ni halali kabisa kwa mchoraji wa baadaye, Pieter Casteels (1684–1749). Buluu ya kobalti ni ya mwanzo wa karne ya 19. Nyeupe ya titani ni ya karne ya 20. Upande wa pili kuna rangi zinazotia moyo: manjano ya risasi na bati ilitumika mpaka karibu 1750, ikasahaulika, ikatambuliwa tena 1941. Ukiikuta kwenye mdomo wa bata, mghushi wa karne ya 19 hakuwa na njia ya kuipanga.

Shikilia hapa ramani yako ya urujuanimno. Titani iliyokutwa kwenye doa la marekebisho inasema tu kwamba mtu alirekebisha picha karne iliyopita. Kipimo kifanyike mahali ambapo rangi ni ya asili, na mwambie mpimaji mahali hapo kabla hajaanza. Nimeona ripoti nzuri zikiharibiwa na sampuli moja iliyochukuliwa pasipofaa.

Majani ya buluu badala ya kijani ni jambo la kawaida kwenye michoro ya kweli ya enzi hii: manjano ya mimea iliyochanganywa na buluu imefifia kwa mwanga.

Hatua ya 6: Sasa jina

Sahihi itazame kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa rangi yake imemwagikia ndani ya nyufa, iliandikwa nyufa zikiwa zimeshatokea. Sahihi halisi hupasuka pamoja na picha.

Majina utakayokutana nayo si mengi. Hondecoeter (1636–1695) ndiye mkubwa wao: baba yake Gijsbert na babu yake Gillis walikuwa wachoraji, na alifundishwa pia na Jan Baptist Weenix, mume wa shangazi yake. Alimchorea Willem III, mtawala wa Uholanzi, na picha yake maarufu ya unyoya unaoelea juu ya maji, ya karibu mwaka 1680, iko Rijksmuseum mjini Amsterdam. Nenda ukaitazame ana kwa ana kama unaishi karibu. Antwerp kulikuwa na Frans Snyders na Jan Fyt, wenye rangi za nguvu zaidi. Uingereza kulikuwa na Jakob Bogdani aliyetoka Hungaria, Marmaduke Cradock, na Casteels. Picha nyingi za bei ya kati zilizobandikwa jina la Hondecoeter, ukizichunguza vizuri, ni za hawa watatu au wafuasi wao.

Linganisha kwenye hazina ya picha ya RKD, taasisi ya historia ya sanaa iliyoko The Hague. Inapatikana bure mtandaoni. Andika jina, pitia kila picha, tafuta ndege wako.

Kisha jifunze lugha ya minada, kwani neno moja linabeba pesa nyingi. Jina la mchoraji likisimama peke yake, nyumba ya mnada inaamini ni kazi ya mkono wake. Likitanguliwa na maneno yenye maana ya “inahusishwa naye”, wanadhani hivyo ila hawaapi. “Karakana yake” ni kazi iliyofanywa kwake, pengine chini ya usimamizi wake. “Mduara wake” ni mtu wa wakati wake aliyeathiriwa naye. “Mfuasi” si lazima awe alikuwa mwanafunzi. “Kwa namna yake” ni mtindo wake, tena wa wakati wa baadaye. Mwisho kabisa ni nakala ya picha yake inayojulikana. Kutoka juu mpaka chini ya ngazi hiyo bei inaweza kupungua mara mia.

Hatua ya 7: Umepitia mikono ya nani?

Kusanya kila risiti, barua na picha ya zamani ya ukutani. Namba na herufi nyeusi zilizopigwa kwa kibati nyuma ya fremu mara nyingi ni za Christie's, nyumba ya mnada ya London, na nyumba hiyo inaweza kukuambia ni mnada gani. Kwa mchoro uliokuwa Ulaya kati ya 1933 na 1945, pengo la umiliki ni jambo zito: mali nyingi za Wayahudi ziliporwa na Wanazi au kuuzwa kwa kulazimishwa, na mnada makini hautagusa picha kabla ya kuuliza. Tafuta kwenye orodha ya Lost Art ya Ujerumani, kwenye programu ya ID-Art ya Interpol, na uombe ukaguzi wa Art Loss Register, hazina ya kumbukumbu za sanaa zilizoibiwa. Kama mwajiri wako alikuachia picha, pata maandishi kutoka kwa warithi wake.

Hatua ya 8: Bei ipi?

Mchoro mmoja una bei kadhaa za kweli kwa wakati mmoja. Ya bima ni kubwa, ni gharama ya kupata mfano wake dukani. Ya soko huria, inayotumika kwa mirathi na kodi, ni ndogo kuliko hiyo. Makadirio ya mnada ni ya chini zaidi, tena kwa makusudi, ili kuvuta wanunuzi. Mwambie mthamini unataka ipi.

Ukitafuta mifano ya kulinganisha, chukua picha za mchoraji huyohuyo, ukubwa unaokaribiana, hali inayofanana, zilizouzwa miaka ya karibuni. Kumbuka kwamba matokeo yanayotangazwa kwa kawaida huwa yamejumuisha ada ya mnunuzi, wakati makadirio hayana. Usizilinganishe ana kwa ana. Ndege hai wenye rangi huuzika kuliko ndege waliochinjwa na kuning'inizwa. Tausi anapendwa. Picha ya mita tatu ina wateja wachache kwa sababu kuta zake ni chache. Picha iliyosuguliwa mpaka msingi mwekundu unachungulia manyoyani itamkimbiza mnunuzi hata kama jina ni sahihi. Mimi ningechagua kazi safi ya Cradock kuliko Hondecoeter aliyechubuliwa.

Hatua ya 9: Wa kumwendea

Tuma picha zako kwa nyumba mbili au tatu za mnada zenye idara ya michoro ya mabwana wa kale, yaani wachoraji wakubwa wa Ulaya wa zamani. Christie's, Sotheby's, Bonhams na Dorotheum ya Vienna hutoa makadirio ya awali bure. Majibu yakitofautiana sana, uliza kila mmoja ameegemea nini.

Tathmini rasmi iliyoandikwa hulipiwa. Mlipe mthamini kwa saa au kwa kazi, kamwe si kwa asilimia ya thamani, wala usimtumie mtu anayetaka kuununua mchoro huo. Marekani, anayetoa sanaa kama sadaka na kudai punguzo la kodi la zaidi ya dola 5,000 lazima awe na tathmini ya mtu mwenye sifa, na ada ya asilimia huibatilisha. Kutoa nje ya Umoja wa Ulaya mchoro wa zaidi ya miaka 50 wenye thamani ya zaidi ya euro 150,000 kunahitaji kibali, na sheria za Italia ni kali kuliko hizo. Uliza kabla ya kufunga kreti.

Ukiamua kuuza, kubaliana kwa maandishi juu ya kamisheni, bima ya safari, gharama ya picha za katalogi, na bei ya chini ambayo mchoro hautauzwa chini yake. Bei hiyo isizidi makadirio ya chini. Mchoro unaorudi bila mnunuzi hubaki kwenye kumbukumbu za mtandaoni, na wafanyabiashara watausubiri ushuke. Kuhusu kuusafisha, mwulize mtaalamu wa nyumba hiyo kabla ya kumlipa fundi. Mara nyingi wanunuzi wa kazi za kale hupendelea picha chafu ambayo haijaguswa.